Kanuni ya Sare Nayo ni Sheria

Leo tuishike fomu ya kujiunga na sekondari. Juu kuna godoro, sanduku na viatu vyeusi. Huko chini kuna kanuni za sare, ambazo mzazi huzitilia sahihi akiwaza karo tu.

Lakini binti akiwa anavaa hijabu, au kijana wa dhehebu la Akorino akiwa na kilemba, mstari mmoja wa kukataza kufunika kichwa unaweza kumrudisha nyumbani. Mstari wenye nguvu hiyo lazima uulizwe: nani aliutunga, nani alisikizwa, unatatua shida gani?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki iwekewe mipaka, ila anayeiweka ndiye anayepaswa kujieleza. Sisi tumezoea kinyume: mtoto ndiye anayeitwa ofisini ajieleze!

Tazameni Isiolo. Katika sekondari ya St Paul's Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, mzozo wa hijabu na suruali nyeupe ulizuka 2014, kanisa likaenda kortini kupinga mavazi hayo. Mahakama Kuu ikakubaliana nalo 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikapindua, ikisema kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumlemea mmoja, na ikaitaka bodi ishauriane na wahusika ili kanuni ziwe na nafasi ya kuwaruhusu wale ambao imani yao inadai vazi la ziada. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, kwa kuwa dai la mzazi aliyetetea hijabu halikufikishwa mahakamani kwa njia ipasayo. Aliyekuwa kidato cha kwanza mzozo ulipoanza alishamaliza shule.

Miaka yote hiyo, kwa jambo ambalo bodi na wazazi wangelizungumza kwa siku moja.

Shule nyingi za hapa Bomet zina mkono wa makanisa, na tunayashukuru kwa dhati. Shukrani hiyo haimzuii mzazi kuuliza. Ninyi mlio kwenye bodi, iteni mkutano kabla ya fomu kuchapishwa. Kanuni zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na Kipsigis. Hata kama familia ya Kiislamu ni moja tu, ipewe nafasi ya kusema. Elewaneni juu ya rangi ya kitambaa na namna ya kukifunga, kisha mwandike, pamoja na sababu zenu, kwenye kumbukumbu za mkutano ambazo mzazi yeyote anaweza kuzisoma.