Kimo cha Ndege Kando ya Rwenzori

Uwanja wa ndege wa Kasese uko mita zipatazo 960 juu ya usawa wa bahari. Kando yake Rwenzori hupanda hadi mita 5,109 katika kilele cha Margherita, nacho mara nyingi hufunikwa na mawingu.

Ndege nyingi za siku hizi huongozwa na kompyuta. Nukta ya njia huweza kuandikiwa kimo: ama kimo kamili, ama “si chini ya hapa”, ama “si juu ya hapa”. Kwa tarakimu hizo kompyuta hupanga mteremko. Rubani aliyeandika “si juu” mahali pa “si chini” ameiruhusu ndege ishuke hadi ubavuni mwa mlima.

Kanuni za kimataifa hudai, penye milima, futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kwa anayeruka akitegemea vyombo. Tena kipima-kimo hufuata mgandamizo wa hewa; kosa la hektopaskali 10 ni karibu futi 300.

Agosti 2012 helikopta tatu za jeshi la Uganda zilianguka Mlima Kenya zikielekea Somalia. Hatusemi kwamba tarakimu ndizo zilizoziangusha; twasema mlima haukuwa mgeni katika ramani.

Basi kabla ya kuruka, rubani mmoja asome tarakimu kwa sauti, wa pili azilinganishe na ramani. Afisa anayesafiri, hata akiwa na haraka, awaachie dakika hizo.