Nundu ya Mwembe Si Kuni Tu

Leo hatutasema habari za mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya nundu, lile donge kubwa linaloota ubavuni mwa mti mzee, na jinsi fundi anavyolikereza likawa bakuli la pambo.

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Chamazi na Mbagala upande wa Temeke, au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, mashamba mengi yamegeuka viwanja. Miembe na mikorosho ya wazee inaangushwa. Anakuja mchoma mkaa, mnapatana bei ya mti mzima, na nundu inakwenda humo humo bure. Mpasua kuni naye haipendi, maana shoka linadunda. Lakini kinachomshinda mwenye shoka ndicho anachokitafuta mkerezaji.

Kwa nini? Katika gogo la kawaida nyuzi za mti zimenyooka. Ndani ya nundu vichipukizi vingi vimejikusanya, na nyuzi zimejiviringa kuvizunguka. Nundu ikikerezwa hutokea mawimbi na macho madogo madogo, wala hakuna mabakuli mawili yanayofanana.

Sasa sikiliza vizuri, kwani nundu nyingi huharibika mikononi mwetu kabla ya kumfikia fundi.

Kwanza, usiikate nundu kwenye mti ulio hai. Utaacha kidonda kikubwa, maji na wadudu wataingia, na mwembe unaokulisha kila msimu utaoza. Ngoja mpaka mti uangushwe kwa sababu nyingine, au uangushwe na upepo.

Pili, kata gogo juu na chini ya nundu, ukiacha kama shibiri moja kila upande. Nyufa huanzia kwenye ncha, na hicho kipande cha ziada ndicho kitakachopasuka badala ya nundu yenyewe.

Tatu, siku hiyo hiyo paka nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, au rangi nzito, mahali pote palipokatwa. Usiianike juani! Iweke kivulini, juu ya mawe au magogo, isiguse udongo. Mti wa mwembe hupendwa sana na bungua, kwa hiyo usiukalishe muda mrefu. Mtafute fundi mapema.

Je, fundi anafanyaje? Kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha mti, naye fundi hushika patasi na kukimega kidogo kidogo. Kazi hii si ngeni katika pwani yetu. Miguu ya vitanda vya kizamani vya Zanzibar na Lamu ilikerezwa. Nundu mbichi hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza bakuli huachwa nene: likiwa na upana wa sentimeta 30, ukuta wake uwe kama sentimeta 3. Halafu hufunikwa kwa vumbi la randa au mfuko wa karatasi, likauke polepole kwa miezi kadhaa. Fundi hulipima kwenye mizani. Uzito ukiacha kupungua, limekauka. Ndipo hulikereza mara ya pili, akalisugua kwa msasa na kulipaka nta ya nyuki. Mwenye haraka atapata bakuli lililopinda au kupasuka.

Tena kuna hatari. Nundu inaweza kuwa na mashimo na maganda ndani, ikarusha kipande kwa nguvu. Mashine ianze kwa mwendo mdogo, na fundi afunike uso na pua. Mwembe ni wa jamii moja na mkorosho. Utomvu na vumbi lake huwasha baadhi ya watu.

Usisahau sheria. Kabla ya kukata au kusafirisha, hata mti wa shambani kwako, muulize bwana misitu au bibi misitu habari ya kibali, kwani ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Na usiingie katika hifadhi ya Pugu kutafuta nundu.

Basi, mchoma mkaa atakapokuja, zunguka mti wako kwanza. Ukiona nundu, itoe katika mapatano, kisha nenda ukaulize kwa mafundi, kwa mfano kule Mwenge kwenye wachonga vinyago. Narudia: itoe nundu kabla ya kutaja bei ya mti.

Kwaheri, ndugu mkulima, mpaka mazungumzo yajayo.