Kuandika Vichwa vya Kurasa za Kiswahili Vitakavyoonekana Mtandaoni: Mfano wa Narung'ombe



Naomba nianze na barua. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa kusini, aliniandikia kwamba ametakiwa kuandaa maelezo ya kurasa mbili juu ya historia ya kwao. Kwao ni Narung'ombe, katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, eneo ambalo zamani lilihesabiwa chini ya Nachingwea. Aliliandika jina hilo katika mtambo wa kutafutia kama linavyotamkwa na kama alivyofundishwa kuliandika shuleni, akapata mistari michache tu: kata, wilaya, mkoa. Kisha akakosea. Alisahau ritifaa, akaandika Narungombe, na hapo vikamfungukia vita vizima, kwa Kiingereza, pamoja na majina ya makamanda na ramani za mahandaki. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: "Profesa, kwa nini kijiji chetu kina historia pale tu kinapoandikwa vibaya?"

Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu.

Jambo lenyewe linajulikana. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yakisonga bara kutoka upande wa Kilwa yalipambana na majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yamejichimbia Narung'ombe. Upande wa Waingereza walikuwamo askari wa Kikosi cha Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, askari wa King's African Rifles, Wahindi na Waafrika Kusini. Upande wa Wajerumani wapiganaji wengi walikuwa askari Waafrika ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili. Baadaye jina hilo liliingizwa katika orodha ya heshima za vita za King's African Rifles, likiwa limeandikwa "Narungombe". Kuanzia hapo kila kitabu, kila orodha, na hatimaye kila ukurasa wa mtandaoni ulifuata maandishi ya orodha ile. Ofisa aliyeandika jina katika ripoti yake hakuwa na nia mbaya. Sikio lake halikutofautisha sauti mbili, na kalamu yake ikafuata sikio.

Sisi wanaisimu twazijua sauti hizo. Katika "ngoma" kuna nazali inayofuatwa na kipasuo. Katika "ng'ombe" kuna nazali ya kaakaa laini peke yake. Si tofauti ya mapambo: "ngoa" ni wivu au tamaa, na "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake. (Wala nisieleweke kwamba nadai jina Narung'ombe limetokana na mifugo. Wapenda asili za majina wana haraka kuliko ushahidi wao, na majina ya kusini yanayoanza na Na-, kama Nachingwea, Nanganga na Nanyumbu, yanahitaji mtu ajuaye Kimwera, Kiyao na Kimakonde kwa pamoja.)

Basi kwa nini anayekosea ndiye apataye? Kwa sababu wenye Narungombe waliandika vichwa, nasi wenye Narung'ombe hatukuandika.

Ukurasa wa mtandaoni una vichwa viwili, na wengi wetu twakijua kimoja tu. Kimoja ni kile kinachosomwa juu ya makala yenyewe. Cha pili kimewekwa ndani, katika maandishi ya kompyuta ambayo msomaji hayaoni. Hicho ndicho kinachojitokeza pembeni juu ya kivinjari, na mara nyingi ndicho kinachokuwa mstari mkubwa wa kubofya katika orodha ya matokeo ya utafutaji. Mwandishi asipokijaza, programu hukijaza kwa namna yake. Nimewahi kukuta tasnifu nzuri sana ya Kiswahili ambayo kichwa chake cha ndani kilikuwa jina la programu ya kuchapia, likifuatwa na neno "final" na tarakimu 3. Miaka minne ya utafiti ilikuwa imelala chini ya jina hilo.

Mstari ule wa kubofya una nafasi ndogo, yapata herufi 60 tukihesabu na nafasi kati ya maneno, na kinachozidi hukatwa. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo nafasi yetu ni finyu kuliko ya Mwingereza. Tuchukue desturi yetu ya kuanza na wakubwa. "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" ni herufi 31. Ongeza "Halmashauri ya Wilaya ya" na jina la wilaya lenye herufi saba, hiyo ni 32 nyingine. Nafasi imekwisha, na mkulima aliyetaka kujua habari za zao lake hajaliona neno lake hata moja. Akifika mbele zaidi atakuta "Taarifa kwa Umma". Kichwa hiki nakiheshimu kwa umri wake, lakini hakisemi lolote. Kilitosha kwenye ubao wa matangazo, maana aliyesimama mbele ya ubao alikuwa amekwisha kufika. Msomaji wa mtandaoni hajafika bado. Kichwa ndicho kimlete. Linganisha na hiki: "Bei ya ufuta Ruangwa, msimu wa 2024". Herufi 35. Zao, mahali, wakati. Jina la halmashauri lina nafasi yake mwishoni au ndani ya ukurasa, na heshima yake haipungui.

Yafaa pia kufahamu kwamba mtambo hauna wajibu wa kukitii kichwa chetu. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilieleza hadharani kuwa imebadili namna yake ya kutunga vichwa vya matokeo, na kwamba inaweza kutumia maneno mengine ya ukurasa badala ya kile alichokiandika mwenyewe. Kichwa kirefu mno, kitupu, au kilichorundikwa maneno ("korosho, bei ya korosho, kilimo cha korosho, korosho bora") kina hatari ya kubadilishwa na mashine. Na mashine hiyo, ikija kwenye Kiswahili, haina mlezi wa kutosha.

Hapa ndipo sarufi inapoingia, nami naomba ruhusa ya kukaa kidogo.

Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni yake mashuhuri ya kukata miishio ya maneno ya Kiingereza ili kompyuta ipate shina. Kanuni hiyo inafaa kwa lugha inayobadilika mkiani, ilhali Kiswahili hubadilika kichwani. Mwandishi, waandishi, uandishi, maandishi, kuandika, ameandika: sisi twaona shina moja, lakini kwa mashine isiyofundishwa mofolojia haya ni maneno sita, na hata herufi zao za kwanza hazilingani. Mkorosho, mikorosho na korosho vivyo hivyo. Ukurasa na kurasa vivyo hivyo. Si kwamba haiwezekani kuifundisha mashine. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta tangu miaka ya 1980, na kazi yake inajulikana kwa kila mwanafunzi wa somo hili. Mitambo mikubwa ya leo nayo imejifunza mengi. Lakini katalogi za maktaba, hazina za tasnifu na visanduku vya kutafutia katika tovuti ndogo, mara nyingi vinalinganisha herufi kwa herufi.

Kwa hiyo mwandishi wa kichwa cha Kiswahili afanye uchaguzi ambao mwenzake wa Kiingereza haulazimiki kumsumbua: neno liingie kwa umbo gani? Uzoefu wangu wanielekeza kwenye nomino, na katika nomino kwenye umbo lile ambalo mtu angelitumia akiuliza dukani au shambani. Mtu hatafuti "Tuongeze Tija katika Mikorosho Yetu". Hutafuta "kilimo cha korosho" au "dawa ya mikorosho". Maumbo mengine ya neno hilo yatapata nafasi ndani ya aya ya kwanza, ambamo upatanisho wa kisarufi utayaleta wenyewe bila kulazimishwa.

Umbo likishapatikana, bado kuna uchaguzi wa neno lenyewe. Ruangwa inajulikana siku hizi kwa madini ambayo Serikali huyaita kinywe. Neno ni zuri, nami nalitetea. Hata hivyo wapo wengi ambao wamelisikia kama grafaiti. Kichwa kibebe kinywe, na sentensi ya kwanza itaje grafaiti. Wenzangu wa kamati za istilahi hawatapenda ruhusa hii. Najua, maana nami nimekaa katika kamati hizo nikiikataa. Lakini istilahi isiyotafutwa na mtu haitasanifiwa na kamati yoyote.

Ritifaa ni sura ya peke yake. Katika taipureta ilikuwa alama moja iliyonyooka. Kompyuta zimetupa angalau tatu zinazofanana machoni: ile iliyonyooka, ile iliyopinda ambayo programu za kuchapia huiweka bila kuulizwa, na ya tatu ambayo kwa kanuni za Unicode ni herufi kamili wala si alama ya uakifishaji. Kwa jicho la msomaji Narung'ombe ni lile lile. Kwa programu fulani ni maneno tofauti. Na ziko zinazoiona ritifaa kuwa ukuta, zikapata "Narung" upande mmoja na "ombe" upande wa pili. Katika anwani za kurasa ritifaa huondolewa kabisa au hugeuzwa kistari. Ushauri wangu ni wa kawaida tu: tumia iliyonyooka, ambayo ndiyo iliyo kwenye kibodi, uitumie ile ile katika kichwa na katika matini, na umbo lisilo na ritifaa litajwe mara moja ndani ya ukurasa, likielezwa kuwa ni maandishi ya vitabu vya Kiingereza. Atakayekosea atafika, na akifika atajua jina lenyewe.

Kuna wanaosema kwamba haya yote ni adabu za kigeni, na kwamba kichwa cha Kiswahili hupenda kuficha. Kwa riwaya, nakubali. "Kiu" ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, haina sababu ya kubadilishwa jina eti kwa kuwa aitafutaye leo huenda akakutana kwanza na maji ya kunywa. Lakini tukirudi kwenye maandishi ya kuhifadhi habari, wazee wetu hawakuficha. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliuita utenzi wake Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Aina ya andiko, tukio, mtendaji, tendo, mahali: vyote vimo, na katika toleo lililochapwa mwaka wa Hijria 1307 umeongezwa. Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeishi Lindi, si mbali na kijiji tunachokizungumzia, alituachia Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1933.

Hata vichwa hivyo, lakini, vimezeeka. Nani leo huandika "Wadachi" akitafuta habari za Wajerumani? Na Maji-Maji yenye kistari, Maji Maji yenye nafasi, na Majimaji yaliyoungana, ni maumbo matatu ya neno moja, na kila kizazi kimechagua lake. Utendi wa Tambuka wenyewe, wa mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Zamani kati ya msomaji na andiko alisimama mtunza maktaba, aliyejua kwamba hivi viwili ni kimoja. J. W. T. Allen aliifanya kazi hiyo kwa miswada ya Dar es Salaam katika katalogi yake ya mwaka 1970. Mtandaoni mtunza maktaba huyo hayupo, isipokuwa sisi wenyewe tuiandike elimu yake ndani ya ukurasa.

Tangu 2024 mambo yamezidi kubadilika, maana mitambo mingi sasa hutoa jibu lililotungwa na akili unde juu ya orodha ya kurasa. Wengine wamehitimisha kwamba kichwa hakina kazi tena. Sidhani. Jibu hilo hutungwa kutokana na kurasa zilizoonekana, na likikosa ukurasa wa Kiswahili juu ya Narung'ombe litatungwa kutokana na Narungombe.

Namrudia mwanafunzi wangu. Aliandika kurasa zake mbili, akaongeza ya tatu juu ya wapagazi, wale waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili na ambao Kariakoo ya Dar es Salaam imechukua jina la kikosi chao, ingawa alitafutaye neno hilo leo hupelekwa sokoni. Nilimpendekezea kichwa: "Mapigano ya Narung'ombe, Ruangwa, 19 Julai 1917". Herufi 47. Alikipokea kwa adabu, kisha akauliza kama aweza kuandika "Vita vya". Nilimweleza kwamba vita ni vile vyote vya 1914 hadi 1918, na kwamba lililotokea siku ile moja, kwa lugha ya kitaaluma, ni mapigano. Akajibu kwamba bibi yake husema vita, mwalimu wake wa shule ya msingi alisema vita, na hajawahi kumsikia mtu wa kwao akiuliza habari za mapigano.

Ukurasa umeandikwa "Vita vya Narung'ombe". Herufi zimepungua tatu.