MTOTO WA MWAKA WA PILI NA MSIMU WA KUPANDA

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos



Halmashauri imenipa heshima ya kusema nanyi leo, baada ya hesabu za fedha kusomwa na kupokewa. Katika taarifa ya mwaka mmesikia habari za karo za wanafunzi, za misaada ya mazishi, na za wagonjwa waliotembelewa. Mambo hayo yote ni ya maana, na waliyoyatenda wastahili shukrani. Lakini yuko mmoja katika jamaa zetu ambaye hatukumsikia akitajwa, kwa kuwa halipi ada, hapigi kura, na hata jina lake hajajua kulitamka sawasawa. Huyo ni mtoto aliyeanza kusimama dede na kwenda tata. Kwa hisani yenu nitasema juu yake, na juu ya mwezi huu wa Machi, kwa sababu mtoto huyo na mwezi huu hawapatani.

Huko Ulaya, Machi ni wakati theluji inapoyeyuka na miti kuanza kuchipua. Kwetu Ukambani hatuna theluji, lakini nasi tuna kungoja kwetu. Mavuno ya mvua ya nthwa, yaani vuli, yamekwisha ingia ghalani, na sasa macho yetu yako mawinguni tukingojea mvua ya uua, yaani masika. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu hukimbilia shambani, maksai hufungwa plau, na jembe halilali. Wala si vibaya, kwani mvua yetu ni fupi na haimngojei mtu. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, kilicho karibu na mji wetu, kilishughulika kupata mahindi yanayokomaa upesi, ili yawahi kuzaa kabla ya unyevu kwisha ardhini.

Basi nawaomba mfahamu kwamba mtoto naye ana mvua yake fupi. Mtoto azaliwapo huwa na uzito wa kilo 3 hivi. Akitimiza mwaka mmoja huwa amefika karibu kilo 9, na urefu wake umeongezeka kwa sentimita 25 hivi. Katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili na zaidi kidogo, na urefu wa sentimita 12 hivi. Hakuna wakati mwingine wowote baada ya hapo atakaporefuka kwa mbio namna hiyo, hata katika ujana. Baba afanyaye kazi Nairobi au Mombasa ayajua haya kwa macho yake. Amwacha mtoto akitambaa, na akirudi mwisho wa mwezi amkuta ameshika kiti na kusimama. Mara nyingine arudipo, mtoto amemfuata kuku hadi nje ya boma. Viatu alivyomnunulia sikukuu havimwingii tena. Sisi tuonapo hivyo hucheka na kufurahi, na ni haki yetu. Lakini ukuaji huo hujengwa kwa chakula, na ikiwa chakula hakikupatikana katika miaka hii miwili ya mwanzo, urefu uliokosekana ni vigumu sana kuurudisha baadaye, hata mtoto akilishwa vizuri akiwa shuleni.

Mnamo mwaka 1933 daktari mmoja, Bibi Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto waliovimba miguu, waliobadilika ngozi na rangi ya nywele. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina walilolitumia wenyeji wenyewe, kwashiorkor, na maana yake ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake mwenziwe azaliwapo. Wenyeji hao walikuwa wamekwisha tambua kabla ya madaktari ni mtoto gani aliye hatarini. Si yule mchanga aliye kifuani pa mama, bali ni yule aliyeachishwa ziwa, akapewa kuishi kama mtu mzima kabla hajawa na meno ya mtu mzima.

Sasa tumtazame mtoto huyo katika nyumba zetu, siku ya kupanda. Sisemi nyumba ya fulani. Kila mmoja ataiona aijuayo. Mama huamka saa kumi na moja alfajiri, akaenda na punda kuteka maji. Arudipo humpa mtoto kikombe cha chai na kipande cha kiazi, kisha hushika jembe. Mtoto huachiwa dada yake mwenye miaka sita au saba, au nyanya ambaye magoti yake hayawezi tena kumkimbiza. Saa sita mchana isyo hupakuliwa. Mahindi na maharagwe ni chakula kizuri, nasi sote tumekula, lakini mtoto mwenye meno manane hawezi kuyatafuna. Hunyonya mchuzi, huokota maharagwe mawili matatu yaliyolainika, na yaliyobaki humwangukia kuku. Jioni mama hurudi amechoka, huwasha moto, na chakula huiva saa mbili. Saa mbili mtoto amekwisha lala. Humwamsha, hula matonge mawili na usingizi machoni, akalala tena.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Katika nyumba hiyo hakuna njaa. Ghala lina mahindi, kunde na ndengu za juzi. Mama si mvivu. Yeye ndiye aliyefanya kazi kuliko wote. Hata hivyo mtoto ameshinda kutwa kwa kikombe cha chai na mchuzi, na jambo hilo likirudiwa kila siku kwa majuma manne au matano, mtoto hukonda ghala likiwa limejaa. Mimi nasema mtoto huyu haponzwi na ghala. Aponzwa na saa. Sisi watu wazima tumepanga milo kwa saa za kazi yetu, naye tumbo lake halikupangwa hivyo.

Tumbo la mtoto wa mwaka wa pili hupokea kama kikombe kimoja tu kwa mara moja. Kwa hiyo hawezi kula asubuhi cha kumtosha hata jioni. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hata miezi sita, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka atimize miaka miwili au zaidi. Na tangu miezi tisa apewe milo mitatu au minne kwa siku, na kitu kidogo kati ya mlo na mlo. Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakukosea.

Wala chakula hicho hakihitaji kwenda dukani. Isyo ile ile, ikitolewa bakuli moja kabla ya kutiwa chumvi nyingi, ikapondwa kwa mwiko mpaka ikawa laini, ni chakula cha mtoto. Ndengu zilizopikwa zikaponzeka, kunde zilizoambuliwa maganda, majani ya kunde yaliyokatwa madogo madogo, yai moja, uji wa wimbi uliotiwa maziwa, embe au papai lililoiva: hivi vyote viko katika mashamba yetu. Uji na uwe mzito, usioanguka upesi kijikoni, maana uji wa maji hujaza tumbo bila kulisha. Na chai tuiache kwa wazee. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula, nayo ndiyo yaongezayo damu.

Jambo jingine la msimu huu ni ghala lenyewe. Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na sehemu zetu za Machakos walipatwa na msiba uliotokana na sumu ya ukungu katika mahindi. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi hayo yalikuwa yamewekwa nyumbani kabla hayajakauka vizuri. Basi yanayosagwa kwa uji wa mtoto yachaguliwe kwanza. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa itupwe. Isipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hata katika maziwa. Kuchemsha hakuiondoi.

Tena kuna kijitabu cha kliniki. Mtoto apimwe uzito kila mwezi, hata mwezi wa kupanda, kwa sababu ndio mwezi ambao mstari wake hukaa palepale. Chanjo ya surua ya miezi tisa ifuatwe na ile ya miezi kumi na minane, ambayo wengi huisahau kwa kuona mtoto amekwisha kuwa mkubwa. Mhudumu wa afya akija na utepe wa kupimia mkono, asifukuzwe. Ukionyesha rangi nyekundu, yaani mkono una mzunguko chini ya sentimita 11 na nusu, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Miguu yake ikivimba, vivyo hivyo, hata kama anaonekana mnene.

Najua baadhi ya wazee wangu wanasema moyoni, Sisi tulikua kwa isyo na hatukufa. Kwa heshima zote, wazee wangu, tuliomo ukumbini humu ni wale waliopona. Waliokuwa wenzetu na hawakupona hawapo kutoa ushahidi. Kati ya miaka 1974 na 1981, wachunguzi walizunguka nyumba kwa nyumba huko Matungulu na Mbiuni wakiandika kila mtoto aliyezaliwa na kila aliyefariki. Mzee wa siku zile hakuhitaji daftari; aliyakumbuka makaburi madogo nyuma ya boma lake. Tena nyanya zetu hawakumwachia mtoto kutafuna peke yake. Walimpondea, wakamlisha kwa mkono, nao walikuwa wengi bomani. Leo boma lina watu wachache: baba yuko mjini, dada yuko shuleni, na mama ana shamba peke yake.

Kwa sababu hiyo sitaki mzigo huu tumwongezee mama. Tunao mpango wetu wa asili, nao ni mwethya. Kwa mwethya akina mama wetu walichimba matuta katika vilima hivi, kazi ambayo ulimwengu umeistaajabia. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kuonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hata 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua. Ikiwa mwethya uliweza kuushika udongo usichukuliwe na maji, utaweza pia kumshika mtoto mmoja asikose mlo wa saa nne.

Naleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza: kila kikundi cha mwethya kiwe na zamu ya watoto. Wakiwa akina mama kumi, wawili wabaki na watoto wote mahali pamoja, penye kivuli na maji safi, na wanane waende shambani. Kwa siku tano kila mama atakuwa amebaki siku moja na kulima siku nne. Kila nyumba ilete unga wa kikombe na konzi ya ndengu. Mama anyonyeshaye apewe shamba la karibu, ili arudi kunyonyesha.

La pili: sehemu ya fedha za misaada itengwe kila Machi na kila Oktoba kwa kununua sufuria, vikombe na vijiko vya zamu hizo. Tunatoa kwa ukarimu mtu akifa. Tutoe kidogo pia ili asife.

La tatu ni letu wanaume. Aliye mjini, apelekapo fedha za mbegu, aulize, Nani atabaki na mtoto? Aliye nyumbani asione haya kushika kijiko. Na wazee, mtembeleapo mashamba kutazama kama mvua imewakuta watu tayari, ulizeni habari za mtoto kabla ya kuuliza habari za mahindi. Neno la mzee husikiwa mahali ambapo neno la muuguzi halifiki.

Watoto wetu wengi huitwa Wambua na Mumbua kwa kuwa walizaliwa siku ya mvua, na jina hilo ni jina la furaha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mwaka wa pili wa maisha yake hauna marudio. Mawingu yamekwisha anza kukusanyika juu ya vilima vya Iveti. Naomba mapendekezo haya yajadiliwe na kupigiwa kura leo, kabla hatujatawanyika kwenda kupanda.