Seli Shina na Fadhila ya Kuwahi: Mhadhara wa Umma, Al Rayyan

Waheshimiwa walimu, wazee wangu mliotoka pwani na bara ya Afrika Mashariki, na nyinyi vijana mnaosoma katika vyuo vya Mji wa Elimu hapa Al Rayyan: mmenitaka nizungumze juu ya maradhi ya maltipo sklerosisi, ambayo ninaishi nayo, na tiba ya seli shina, ambayo nimeipitia, nami nitatanguliza lile ninaloliamini kuliko yote, kwamba tiba hii, pamoja na ukubwa wake, humfaa hasa mgonjwa aliyeiwahi.

Ugonjwa huu ulipambanuliwa na tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, mwaka 1868, alipoilinganisha mitetemeko aliyoiona kwa wagonjwa wangali hai na makovu aliyoyakuta katika ubongo na uti wa mgongo wao baada ya kufa. Leo twajua kuwa makovu hayo hutokana na chembe za kinga, zilizoumbwa kumlinda mtu, kugeuka na kuushambulia utando wa mayelini unaozifunika neva, hata amri itokayo ubongoni ikawa yafika mguuni kwa kuchelewa, au isifike kabisa. Aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kuwa ni maradhi ya nchi za baridi. Lakini uchunguzi uliofanywa hapa Qatar ulikuta kwamba mwaka 2010 walikuwapo wagonjwa takriban 65 katika kila Waqatari 100,000, na utafiti juu ya askari wa Marekani, uliotangazwa Januari 2022, ukaonyesha kwamba hatari yake hupanda mara 32 kwa aliyeambukizwa virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu watu wote duniani huvipata. Mswahili akiambiwa kwamba jua la kwao limemkinga, asiridhike.

Tena jua lenyewe huuficha ugonjwa. Tabibu Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 juu ya wagonjwa waliopungukiwa na nuru ya macho kwa muda kila walipoushughulisha mwili. Na sasa ni yakini kwamba joto la mwili likipanda hata kidogo, neva iliyovuliwa utando hushindwa na kazi yake, na likishuka huirejea. Basi fikirini hali ya mlinzi kutoka Mombasa au Kakamega asimamaye langoni hapa Al Rayyan mwezi wa Julai. Sheria ya nchi yakataza kazi za juani baina ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Lakini mlinzi huyo akiona ukungu katika jicho moja, au ganzi itambaayo toka unyayoni hadi kiunoni, husema ni joto, na wenzake husema ni joto, na jioni kiyoyozi kikishampoza na jicho likatakata, hudhani amepata ithibati ya kauli yao. Akienda kwao likizo huambiwa ni jini. Mimi nami niliambiwa yote mawili kabla sijafikishwa kwenye kipimo cha MRI, na miaka iliyopotea hapo katikati ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Ama tiba yenyewe, ilianza kujaribiwa mjini Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 1995, na tabibu Athanasios Fassas na wenzake. Mgonjwa huchomwa sindano za kuuamsha uboho, siku baada ya siku, hata seli shina, ambazo ndizo mama wa chembe za damu na za kinga, zikamiminika katika damu, na mifupa ya kifua na nyonga ikauma kwa ndani. Kisha damu hupitishwa mashineni, ikatolewa seli hizo na kurudishwa mwilini, na seli zikagandishwa katika naitrojeni. Ndipo hufuata kemotherapi, pamoja na kingamwili zilizotengenezwa kwa damu ya sungura, ili zifutwe chembe zilizoasi. Siku ya kurudishiwa, kifuko kidogo huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu na kutundikwa kando ya kitanda, na punde chumba kizima hunuka kitunguu saumu, kwa sababu ya dawa iliyozihifadhi seli kwenye baridi. Mgonjwa huitoa harufu hiyo katika pumzi zake mwenyewe. Baada ya hapo ni majuma mawili hivi ya kutazama karatasi ya hesabu ya damu kila asubuhi, nywele zikibaki juu ya mto, na homa ndogo tu ikiwatia fadhaa wauguzi. Na liko jambo ambalo vijana wa kwetu hawaambiwi mapema ipasavyo: dawa hizi zaweza kuharibu uzazi, kwa hiyo mashauri ya kuhifadhi mayai au mbegu sharti yatangulie.

Je, yafaa? Januari 2019 tabibu Richard Burt wa Chicago, pamoja na wenzake wa Sheffield, Uppsala na São Paulo, walitangaza habari za wagonjwa 110 waliogawanywa mafungu mawili: katika fungu la seli shina ugonjwa ulizidi kwa watu 3, na katika fungu la dawa za kawaida kwa watu 34. Lakini huko Canada, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, mashambulio yalikoma kwa walionusurika, ilhali mmoja kati ya wagonjwa 24 alikufa kwa tiba yenyewe. Sitaki mtu aishike hesabu ya kwanza akaiacha ya pili. Wala haya hayawahusu wagonjwa wote, kwani tiba hii huzima moto, wala haiezeki upya paa la makuti lililokwisha kuungua. Aliyekaa miaka mingi kwenye kiti cha magurudumu, ambaye moto wake umekwisha kuzimika wenyewe, hatari ataibeba na faida huenda asiione. Kwa sababu hiyo nawasihi mjihadhari na wauzao sindano za seli shina kwa kila maradhi na kwa kila mtu, pasi na kumuuliza ugonjwa wake umefika wapi.

Nimeulizwa kama kwetu haya yatawezekana. Huko Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza uboho mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya uboho, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Mikono, basi, ipo. Na Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za maradhi haya katika orodha ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza, mojawapo ikiwa rituksimabu, ambayo hospitali za saratani zimeizoea. Pengo lililobaki ni la kuutambua ugonjwa. Kwa hiyo ombi langu kwa jumuiya zenu hapa ni dogo: mwanachama akipatwa na ganzi, ulegevu wa mguu au kiwi cha jicho moja kwa zaidi ya saa 24, naye hana homa, msimwache aseme ni joto; mfuateni hadi kliniki, na akiandikiwa kwamba ni uchovu, mrejesheni aombe barua ya kupelekwa kwa daktari wa neva katika Hospitali Kuu ya Hamad, na mwenye gari ampeleke.