Umeme Ukikatika, Chipu Husahau



Jioni moja nilikuwa studio nasoma matangazo ya vifo. Nilikwisha taja jina la marehemu, sijafika mahali pa maziko, umeme ukakatika. Jenereta likawaka upesi, lakini mtambo wa kuchanganya sauti ukabaki kimya.

"Subiri kidogo, kaka," fundi akaniambia. "Unasoma upya kazi yake."

Tuliporudi hewani nililirudia tangazo lote. Lakini yule aliyesikia jina tu, akazima redio na kutoka mbio, nani alimwambia maziko ni wapi?

Baadaye fundi alinielewesha. Ndani ya mtambo ule mna chipu ambazo kazi yake haikufungwa kiwandani. Zinaweza kupangiwa kazi nyingine baadaye. Kampuni ya Xilinx ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Ross Freeman na wenzake, ilianza kuziuza mwaka 1985. Kasoro ni kwamba nyingi hushika mpango wa kazi kwa nguvu ya umeme. Umeme ukienda, mpango nao umekwenda. Ukirudi, lazima usomwe tena kutoka chipu nyingine ya pembeni, yenye kumbukumbu isiyofutika.

Wapo waliokwisha iweka kumbukumbu hiyo ndani ya chipu yenyewe, ila inakula nafasi. Ndiyo maana watafiti sasa wanataka kujenga ghorofa: kazi chini, kumbukumbu juu, na nyaya fupi zikipenya katikati. Chipu ya namna hiyo ingeamka ikijua kazi yake. Ghorofa si ndoto. Mwaka 2013 Samsung ilianza kutengeneza kumbukumbu zenye matabaka 24.

Lakini ghorofa lina joto. Tabaka la kati halipumui vizuri, na joto likizidi, kumbukumbu nyingi za aina hii hupoteza upesi kile zilichohifadhi. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo.

Maoni yangu ni haya. Wauzaji wa mitambo hutusifia kasi na wembamba. Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tuwaulize jambo moja kabla ya kulipa: umeme ukirudi, mtambo huu utakaa sekunde ngapi kabla ya kusema? Na hadi ghorofa hilo likamilike, tusione gharama kununua betri ya akiba. Kimya cha sekunde chache kinaweza kumkosesha mtu maziko ya nduguye.