Nyumba Kuukuu: Ununue au Uiache?

 

Wapendwa, swali hili naulizwa pande zote mbili za mpaka: mtumishi, nimepata nyumba ya bei nafuu, lakini ina nyufa na paa limechoka. Ninunue ama niiache?

Fungueni Mambo ya Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. (Najua wengi sura hiyo huwa mnairuka.) Kuna nyumba yenye madoa ukutani, na kuhani anaenda kuikagua. Kabla hajaingia, vyombo vyote vinatolewa nje. Muuzaji wa leo kabati ataliweka palepale penye ufa, kwa hiyo mwambie, ndugu yangu, tusaidiane kulisogeza. Na ukikuta chumba kimoja tu kimepakwa rangi mpya, uliza kwa nini.

Tena kuhani haamui siku hiyo hiyo. Anaifunga nyumba siku saba, halafu anarudi. Wewe nawe rudi, na urudi baada ya mvua. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe. Vijiufa vya plasta visikutishe. Lakini ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, na kila ukirudi umeongezeka, huo mara nyingi unatoka kwenye msingi. Udongo mweusi unavimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi, na nyumba inacheza nao. Hapo plasta ni kazi bure. Hata kwa Walawi, mawe yakishabadilishwa, ukuta ukapakwa upya, kisha doa likarudi, nyumba inabomolewa.

Paa ni afadhali. Mbao zilizoliwa na mchwa unazihesabu, mabati unayahesabu, fundi anakupa bei. Fundi wako, si wa muuzaji! Msingi hakuna anayejua gharama yake mpaka achimbe. Mimi nasema wazi: paa bovu, nunua kama bei imeshuka vya kutosha. Msingi unaotembea, lipa bei ya kiwanja tu, maana hicho ndicho unachonunua.

Sasa la mpaka, na hapa msisinzie. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Basi wengine wanaandikisha nyumba kwa jina la mpendwa wa ng'ambo ya pili, eti sisi ni ndugu katika Kristo. Mpendwa huyo akilala, watoto wake wanakujua? Wao wana hati, wewe una risiti za saruji.

Na nyumba ya ndoa, Kenya na Tanzania, mume haiuzi peke yake bila mkewe kukubali, wala mke bila mumewe. Kabla hujatoa hata shilingi moja, omba kuonana na mama wa nyumba hiyo, umsikie kwa kinywa chake, kisha atie sahihi.